Kufundisha kuhusu dini darasani bila kuhubiri: nivipangeje vipindi sita?

Mwl_Chumbageni

Walimu wenzangu, habari za kazi.

Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili kwenye shule ya kutwa ya serikali hapa Tanga. Mikondo ni minne, kila mkondo una wanafunzi 65 hadi 75. Waislamu na Wakristo wanakaribiana kwa idadi, Wasabato wapo, Wahindu ni wachache. Vipindi vya dini tunavyo, kila kundi linakwenda na mwalimu wake, na hilo halina ubaya. Ila hapo ndipo wanapoachana. Hakuna saa ambapo mtoto wa Kikristo anaelezwa kwa utulivu Ramadhani ni kitu gani, wala wa Kiislamu akaelezwa Kwaresima. Dini za jadi za mababu wa wote wawili hazitajwi kabisa, labda kwa neno "ushirikina". Wanachokijua kuhusu wenzao wamekiokota kwenye mihadhara ya uwanjani na video za WhatsApp.

Mkuu wa shule ameniruhusu kutumia vipindi sita vya dakika 40. Anataka kuona andalio la somo kwanza, na ameweka sharti: asije mzazi kulalamika kwamba mwanawe amehubiriwa.

Naomba mnisaidie haya. Nianze na mada gani ili darasa lisilipuke siku ya kwanza? Swali la "dini ipi ndiyo ya kweli" nalijibuje, maana litakuja tu? Nialike sheikhe na mchungaji au nisialike? Na jaribio la mwisho natungaje bila kupima imani ya mtoto? Projekta hakuna. Nina ubao, chaki, karatasi za manila, na fotokopi nalipia mwenyewe, kwa hiyo kurasa ziwe chache.

---

Chaki_Nyeupe

Mwalimu, hongera kwa kulipigania hili.

Kabla ya mada, andika mpaka wa kazi yako kwenye ukurasa wa kwanza wa andalio, kwa sababu huo ndio mkuu atakaousoma kwa makini. Kuna ibada, kuna mafundisho ya dini yanayomlea mtoto katika imani ya wazazi wake, na kuna elimu kuhusu dini, ambapo dini inasomwa kama tunavyosoma biashara ya misafara au ukoloni: nani, wapi, lini, kwa nini, na wao wenyewe wanasemaje. Afrika Kusini waliyatenganisha mambo haya matatu waziwazi katika sera yao ya dini na elimu ya mwaka 2003. Wewe unafanya la tatu tu. Katiba yetu ya 1977 inakuunga mkono: Ibara ya 3 inasema nchi haina dini, na Ibara ya 19 inaiacha kazi ya kueneza dini kuwa hiari ya mtu binafsi. Mwalimu wa serikali aliye kipindini hayumo katika kazi hiyo ya kueneza, kwa upande wowote.

Sasa mada ya kwanza. Wengi huanza na "chimbuko la dini" au orodha ya imani (Mungu, manabii, vitabu), na hapo ndipo kipindi kinapoharibika, kwa sababu mambo ambayo dini hazikubaliani unayaweka mezani kabla darasa halijajifunza namna ya kuzungumza. Anza na kalenda. Kalenda haina mshindi.

Chora ubaoni jedwali la miaka mitatu. Pasaka: 31 Machi 2024, 20 Aprili 2025, 5 Aprili 2026. Kwa Ramadhani andika tarehe ilipoanza: karibu 11 Machi 2024, karibu 1 Machi 2025, karibu 18 Februari 2026. Waulize kwa nini Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka na Pasaka inaruka mbele na nyuma. Wataona wenyewe kwamba zote mbili zinafuata mwezi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo unarudi nyuma siku kama 11. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi kwa hesabu ya kanisa, ndiyo maana haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Kisha wape hesabu: toka Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni siku 46, toa Jumapili sita, zinabaki 40 za Kwaresima. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hiyohiyo au kesho yake kufuatana na mwandamo. Darasa zima linapogundua kwamba mfungo wa huku na wa kule ulianza pamoja, mazungumzo yanakuwa mengine.

Atatokea mwanafunzi kuuliza mbona Idi huwa mbili. Usimkwepe, swali hilo ndilo kiini cha mada yako yote. Mwaka 2025 Saudi Arabia waliswali Idi 30 Machi, Oman wakaswali 31 Machi. Waislamu wote, fikihi (sheria za dini) tofauti kuhusu kutosheka na mwezi ulioonekana kwingine au kusubiri wa kwenu. Upande wa pili uliza ni Wakristo gani hawashiki Kwaresima: Wasabato hawaishiki, na Wapentekoste wengi pia. Mwisho wa kipindi wawe wameandika sentensi moja kwenye daftari: ndani ya dini moja watu hawafanani. Ukifanikiwa hapo tu, nusu ya kazi imekwisha.

Kipindi cha pili kiwe cha mahali, na Tanga umebarikiwa. Magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni, misheni ya Magila kule Muheza, mapango ya Amboni ambako watu bado hupeleka tambiko. Ongeza mbili za mbali: msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na kanisa kuu la Kianglikana la Zanzibar lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa na soko la watumwa. Manila tano, mahali pamoja kila manila, zibandikwe kwenye kuta nne na mlangoni. Makundi ya wanafunzi sita au saba yazunguke, dakika nne kila manila, wakijibu: nani alipajenga au kupatenga, panatumikaje leo, nani mwingine ana historia hapo. Kwa darasa la 70 makundi yatakuwa kumi au kumi na moja, kwa hiyo mawili yatakutana manila moja (penye kumi na moja, matatu). Mmoja asome kwa sauti, wengine waandike.

Cha tatu, dini za jadi. Usizifanye "zamani kabla ya dini kuja". Michoro ya miambani ya Kondoa ni urithi wa dunia tangu 2006, na pale Mongomi wa Kolo watu bado wanafanya matambiko. Kaya (misitu mitakatifu) za Wamijikenda upande wa Kenya ziliorodheshwa 2008, na Wadigo, ambao nao ni Wamijikenda, mnao hapo kwenu. Katika kipindi hiki piga marufuku maneno "ushirikina" na "upagani" kama maelezo. Mtoto akiyatumia, mwambie aeleze tendo lenyewe: nani alifanya, alisema nini, alitaka nini.

Cha nne, Majimaji. Vitabu vingi vinamweka Kinjekitile kama mtu aliyewadanganya watu kwamba maji yatazuia risasi. Fundisha kama dini: Ngarambe ilikuwa mahali pa kuhiji, Hongo ni mzimu uliojulikana, maji yalikuwa dawa yenye masharti yake, na imani hiyo iliunganisha makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja. Swali la kundi liwe: bila imani hii, vita vya 1905 vingeenea vipi toka Matumbi hadi Ungoni? Hapo wanaona dini ikifanya kazi ndani ya historia, na ni mada ambayo iko kwenye muhtasari tayari.

Cha tano na cha sita waachie wenzangu, nimeandika mengi.

---

Bint_Kisauni

Habari mwalimu, nawasalimu toka Mombasa.

Huku Kenya mtoto anasoma CRE, IRE au HRE (elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu), kwa hiyo shida yako ni yetu: saa ya dini ndiyo saa ya kutengana. Mahali pa kufundishia kuhusu dini za wengine pamebaki kwenye Social Studies (Maarifa ya Jamii), na sheria haikatazi. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inachokataza ni kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Shika neno "kutenda". Kusoma kuhusu ubatizo ni sawa. Kuigiza ubatizo si sawa, hata kwa mzaha, hata kama mtoto mwenyewe amejitolea.

Swali la "ipi ya kweli" linahitaji sanduku, na sanduku liwepo toka kipindi cha kwanza. Boksi la viatu linatosha. Kila mwanafunzi, hata asiye na swali, anapewa kikaratasi cha ukubwa mmoja na anakitumbukiza. Asiye na swali anaandika "sina". Wakiandika wachache tu wanaotaka, watajulikana. Majina hayaandikwi. Unayasoma nyumbani, si palepale, na unayagawa mafungu matatu. La kwanza ni maswali ya ukweli ("kwa nini Wahindu huchoma maiti?", "sadaka ya zaka ni kiasi gani?"). La pili, maswali ya wanachosema waumini ("Wakristo wanaelezaje Utatu?"). La tatu, maswali ya hukumu ("nani ataingia peponi?"). Mafungu mawili unayajibu. La tatu unalisoma kwa heshima, unasema swali hili ni kubwa na lina wenyewe: wazazi wako, sheikhe wako, padri wako, darasa hili halina mamlaka ya kuamua. Useme hivyohivyo kila mara, kwa maneno yaleyale, ili asionekane mmoja kapendelewa. Ukilijibu hata mara moja, hata kwa kuuma maneno, basi kila swali litakalofuata litakuwa la kukupima wewe uko upande gani.

Lugha yako ndiyo itakayokulinda au kukuponza. "Waislamu wengi huamini kwamba…", "Wakatoliki hufundisha…", "kwa mujibu wa wazee wa kaya…". Usiseme "sisi". Usiseme "wao wanadhani" kwa dini moja na "tunajua" kwa nyingine. Pia jihadhari na "kumbe", "eti" na "bado", kwa sababu "Wamaasai bado wanaomba Engai" tayari imeshahukumu. Kwa salamu, darasa lianze kwa salamu ya shule ya kila siku.

Jambo ambalo walimu wazuri hulikosea kwa nia njema: kumgeukia yule mtoto mmoja wa Kihindu na kusema "hebu tuelezee Diwali". Umempa mzigo wa kuwakilisha watu zaidi ya bilioni moja akiwa na miaka 14, na asipojua ataaibika mbele ya wenzake. Mtoto akijitolea mwenyewe, aseme "nyumbani kwetu tunafanya hivi", basi. Baada yake ongeza wewe kwamba nyumba nyingine hufanya vingine.

---

Mwl_Chumbageni

Asanteni sana, nimeshaanza kunakili kwenye azimio la kazi. Hilo la kila mtu kutumbukiza kikaratasi sikuwa nimelifikiria kabisa.

Kwa kipindi cha tano nilitaka walinganishe maandiko, kisa cha Ibrahimu na mwanawe, Biblia na Qurani. Na cha sita nilitaka tukio la Mbagala la Oktoba 2012, ubishi wa watoto kuhusu msahafu ulioishia makanisa kushambuliwa. Mnaonaje? Na wageni je?

---

Mzee_wa_Azimio

Mwalimu, wazo la kulinganisha maandiko ni zuri ila kisa hicho kiache. Mwanzo 22 inamtaja Isaka kwa jina. Qurani sura ya 37 haimtaji mwana kwa jina katika kisa chenyewe, na Waislamu walio wengi husema ni Ismaili. Wanafunzi wako wamelelewa kwenye mihadhara, wanajua namna moja tu ya kuweka vitabu viwili pamoja: kimoja kumshinda mwenzake. Kwa Ibrahimu watafika huko ndani ya dakika kumi.

Chukua Mariamu. Luka 1:26–38 na Qurani 19:16–21. Kazi yao iwe kujaza safu tatu kwenye manila: yaliyo katika maandiko yote mawili, yaliyo katika Luka tu, yaliyo katika sura ya 19 tu. Watakuta malaika au roho anayetumwa, hofu ya Mariamu, habari ya mtoto, na swali lake kwamba hajaguswa na mwanamume. Nazareti, Yusufu na jina la Gabrieli vimo katika Luka tu. Mahali pa mashariki na pazia vimo katika sura ya 19 tu. Kanuni ya kipindi uiandike ubaoni kabla hujagawa karatasi: tunasema kila andiko linasema nini, hatusemi lipi limekosea. Wapo watakaotaka kuruka hadi "Mwana wa Mungu". Hilo limo ndani ya Luka 1:35, kwa hiyo usilifiche. Litajwe kama Luka alivyosema, liingie safu ya pili, na msonge mbele.

Karatasi zenyewe sasa. Fotokopi 12 zinatosha darasa la 70, moja kwa kundi la wanafunzi sita. Ukurasa mmoja, maandiko mawili, tafsiri ya Kiswahili peke yake. Usichapishe Kiarabu cha aya. Karatasi yenye aya ikionekana kwenye pipa la taka au imekanyagwa mlangoni, hakuna maelezo yatakayokuokoa, na ni haki yao kuumia. Zipe namba 1 hadi 12, zirudishwe zote kabla kengele haijalia. Msahafu wenyewe na Biblia yenyewe usizilete kupitishwa mkono kwa mkono: wanazuoni wengi wanataka mtu awe na udhu kuushika msahafu, na huwezi kumuuliza mtoto kama anao. Andika ni tafsiri ya nani. Zipo kadhaa za Qurani kwa Kiswahili, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika 1969, ya Kiahmadiyya ya 1953, na wazazi wanatofautiana vikali kuhusu ipi waikubali. Kwa pwani hii, ya al-Farsy italeta maneno machache. Kwa Biblia, Union Version ya 1952 ndiyo iliyozoeleka makanisani.

Picha: asichore mtu nabii yeyote. Si Muhammad peke yake. Waislamu wengi hawataki hata Isa na Musa wachorwe. Vitabu vya watoto vya Kikristo vimejaa picha hizo, kwa hiyo mwanafunzi atachora bila nia mbaya na atajikuta kwenye matatizo. Wachore ramani, majengo, kalenda.

Mbagala sikubaliani nayo kwa mwaka wa kwanza. Ni tukio la kweli na ndilo hasa linaloonyesha kwa nini elimu hii inahitajika, lakini ukilifundisha kwa dakika 40 mwanafunzi ataondoka na kitendo cha yule mtoto tu, na atakwenda kukisimulia. Mgogoro wa nani achinje nyama kule Geita mwaka 2013 una shida hiyohiyo. Vifunge hadi darasa liwe limezoea, na hata hapo uvipe vipindi viwili mfululizo.

Wageni: alika, ila si kabla ya kipindi cha tano. Mgeni akija mwanzo, yeye ndiye atakayeweka sauti ya darasa na hutaweza kuibadilisha. Waje wawili kipindi kimoja, dakika 12 kila mmoja, na maswali matano yaliyoandikwa na wanafunzi wayapate wiki moja kabla. Masharti uyaandike kwenye barua ya mwaliko na kuyarudia kwa mdomo: hakuna kuomba dua au sala, hakuna vipeperushi, hakuna kualika watoto popote, hakuna kuitaja dini ya mwingine. Kaa mbele, pembeni yao, usikae nyuma. Mgeni akianza kuhubiri, simama na useme "asante, tuje kwenye swali la tatu". Usichague wahubiri wa uwanjani hata kama ni maarufu; mwalimu mstaafu wa madrasa na mama wa umoja wa wanawake kanisani watakufaa zaidi, kwa sababu wamezoea kueleza kuliko kubishana.

---

Chaki_Nyeupe

Mzee, kwa heshima, wageni mwaka huu ningewaacha. Sharti la mkuu ni malalamiko sifuri, na mgeni ndiye mtu pekee ambaye huwezi kumwandikia andalio. Badala yake wafanye kazi nyuma ya pazia: sheikhe mmoja, padri au mchungaji mmoja, na mzee anayejua mila wapewe andalio walisome. Uwaambie waziwazi wanachoombwa ni kusahihisha makosa ya ukweli kuhusu dini yao tu, si kuchagua mada. Wakitia sahihi, karatasi hiyo ndiyo ngao yako siku mzazi akija.

---

Mnungwi_Leicester

Assalaam alaikum, na salamu kwa wote.

Alichosema Chaki_Nyeupe kuhusu wasomaji wa andalio ndicho kilichojengwa kisheria huku Uingereza. Kila halmashauri ina baraza la ushauri la elimu ya dini, SACRE, lenye makundi manne: madhehebu na dini zilizopo eneo hilo, Kanisa la Anglikana, walimu, na halmashauri yenyewe. Limekuwa lazima tangu sheria ya 1988. Wewe huna haja ya baraza, watu watatu na kalamu wanatosha.

Jambo la pili ni barua kwa wazazi. Mzazi huku ana haki ya kisheria ya kumtoa mwanawe kwenye somo la dini. Kwako mada ni ya historia, kwa hiyo usiandike kana kwamba ni hiari, ila toa taarifa. Nusu ukurasa, Kiswahili chepesi: mada ni nini, tarehe za vipindi sita, kwamba hakuna ibada wala kuigiza ibada, kwamba vipindi vya dini vya kila kundi vinaendelea kama kawaida, na kwamba andalio lipo ofisini kwa anayetaka kulisoma. Itume siku kumi kabla. Malalamiko mengi hutokana na mzazi kusikia jioni, nusunusu, toka kwa mtoto, jambo ambalo hakuambiwa na shule.

Mfano wa jinsi linavyoharibika: Kaunti ya Augusta, Virginia, Marekani, Desemba 2015. Mwalimu wa jiografia aliwapa wanafunzi zoezi la kunakili hati ya Kiarabu waone ugumu wa kaligrafia. Maandishi yaliyotumika kwenye zoezi yalikuwa shahada ya Kiislamu. Wazazi wakaja juu, simu na barua pepe zikafurika, na shule za kaunti nzima zikafungwa siku moja. Nia ilikuwa sanaa, lakini shahada ni tamko la kuingia katika Uislamu, huwezi kulitoa kama zoezi la mwandiko kwa mtoto asiye Mwislamu. Na kwa Mwislamu nayo si mapambo. Kanuni ni hiyohiyo kwa Baba Yetu, kwa tasbihi, kwa "om" ya Wahindu. Ukitaka kaligrafia, tumia majina ya miji.

Sasa jaribio. Swali baya: "Eleza umuhimu wa kusali." Hilo linapima imani, na mtoto atajibu anachodhani unataka. Swali zuri lina mwenye kauli ndani yake: "Toa sababu mbili ambazo Wasabato hutoa za kupumzika Jumamosi." "Kwa nini Oman na Saudi Arabia zilisherehekea Idi siku tofauti mwaka 2025?" "Taja makundi mawili yenye historia katika mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni, na ueleze kila moja lilipatumiaje." "Mwandishi anasema Kinjekitile aliwadanganya watu. Toa hoja moja ya kupinga kauli hiyo ukitumia uliyojifunza."

Kwa alama 20, ningegawa hivi: usahihi 8, kuonyesha tofauti ndani ya dini moja 6, kutumia chanzo (andiko, jengo, jedwali la kalenda) 4, na lugha ya haki 2. Hizo mbili za mwisho usizidharau; mwanafunzi aliyeandika "Wapentekoste wengi huamini" anazipata, aliyeandika "hawa wamepotea" anazikosa, na umwandikie pembeni kwa nini. Asipoteze alama za usahihi kwa hilo.

Angalizo la kusahihisha: daftari za mikondo minne ni karibu 280. Maswali mawili ya insha yatakumaliza. Weka manne ya majibu ya sentensi mbili hadi tatu, na moja la aya. Kabla hujaanza, soma majibu kumi ya Waislamu kuhusu Ukristo na kumi ya Wakristo kuhusu Uislamu ukiwa umefunika majina, uone kama unatoa alama kwa mkono mmoja. Ukiona upande mmoja unapungukiwa, rudi kwenye mwongozo wa kusahihisha kwanza; mara nyingi swali lenyewe ndilo lililopendelea.

---

Mwl_Chumbageni

Nimeelewa. Mariamu badala ya Ibrahimu, Mbagala nimeitoa, kipindi cha sita nitakifanya cha kujibu sanduku na jaribio fupi. Wageni mwaka huu hawaji. Wasomaji watatu nimeshawapata wawili, natafuta mzee wa mila. Barua ya wazazi naiandika leo.

Swali la mwisho: yule asemaye "sina dini" nimweke wapi?

---

Bint_Kisauni

Usimweke popote, mwalimu. Hakuna zoezi hata moja kati ya haya linalomtaka mwanafunzi ajitaje dini yake, na kama lipo ulilotunga linalomtaka, lifute. Makundi yapangwe kwa namba za rejista. Kwenye sanduku akiuliza kuhusu watu wasio na dini, ni swali la fungu la kwanza, lijibiwe kama mengine: wapo, wana sababu zao mbalimbali, na sababu hizo unazieleza kwa sauti ileile uliyotumia kwa Kwaresima.